Fundi Aliyeweka Sauti Mfukoni

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nikiuficha, mdogo wangu Zuhura atausimulia kwa ladha zaidi. Nilichukua plaizi ya Fundi juu ya meza yake mwenyewe, nikabana kile kijiti cha sauti kwenye televisheni yake kubwa, mbele ya watoto kumi na tisa waliokaa sakafuni, nikakizungusha mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijiona mwanasayansi.

Fundi alikuwa katikati ya sentensi. Mdomo wake ulibaki wazi, na katuni ikaanza kusema yenyewe, kwa Kiingereza.

Nitafika hapo. Kwanza inabidi mumjue mtu niliyemfanyia hivyo, kwa sababu ukisikia tu kwamba kijana alimkatiza mzee mmoja wa kutengeneza televisheni utasema, ah, watoto. Hapana. Ni kama kumpokonya imamu kipaza sauti, halafu ukaanza kutangaza mpira.

Duka lake lilikuwa Umbilo Road, katikati ya saluni ya Wakongo na duka la nyama. Chumba kimoja, kimejaa televisheni zilizokufa na nyingine zilizokuwa bado zinafikiria. Jina lake halisi sijawahi kulijua. Watu wa magorofa yetu walimwita Fundi, mama wa saluni alimwita Fundi, na yule Mzulu wa duka la nyama naye alimwita Fundi akidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mrefu kama mlingoti wa antena na mwembamba vilevile. Kila siku alivaa tai, hata joto la Februari likiwa linalainisha lami pale kwenye robot, zile taa za barabarani. Ncha ya tai aliichomeka kati ya vifungo vya shati isije ikaguswa na chuma cha kulehemu. Tai ile ilikuwa na kazi mbili: heshima, na kufutia vioo.

Chai alikunywa bila sukari, halafu sukari akailamba peke yake kwenye kijiko. Nilimuuliza kwa nini asiichanganye kama watu wengine. Akasema, "Kila kitu na saa yake, petit." Petit ni mdogo, kwa Kifaransa chake. Ukimwamkia akiwa na skrubu mkononi, salamu yako ilipanga foleni. Aliikaza ile skrubu mpaka ikafika, akaigusa kwa kidole gumba kuhakikisha, ndipo akakugeukia: "Marahaba." Wakati mwingine mtu mwenyewe alikuwa ameshaondoka, na Fundi aliitikia hewa. Deni la salamu, alisema, halilali.

Skrubu zake aliziweka kwenye makopo ya dagaa kwa ukubwa, na ukichanganya hata moja alijua kabla hajaangalia. Alikuwa na msemo wake: "Usifungue kitu kama haujui utaifunga namna gani." Aliusema kwa wateja waliokuja na redio walizozichokonoa wenyewe nyumbani kwa kisu cha mezani. Mimi niliusikia mara mia, ukaingia sikio hili ukatokea lile, bila hata kukaa kunywa maji.

Na alikuwa mkweli mpaka inakera. Siku moja mama mmoja wa Westville alikuja na gari zuri na televisheni kubwa iliyofunikwa shuka kama mgonjwa. Mafundi wawili wa huko kwao walikuwa wamemwambia kioo kimekwisha, anunue nyingine. Fundi wetu akaifungua, akaangalia, akaingiza vidole viwili, akatoa mjusi mkavu kama biskuti. Akaifunga. Picha ikarudi. Yule mama akafungua pochi, na Fundi akatikisa kichwa.

"Lakini umeitengeneza," yule mama akasema, na mimi nikatafsiri.

"Mwambie sikutengeneza kitu. Nimetosha mjusi, nimemutoa inje tu. Mjusi siyo kazi."

Mama wa saluni alisikia hadithi hiyo akashika kiuno. "Fundi, weye utakufa na njaa na mjusi wako!" Lakini yeye mwenyewe, pasi yake ya nywele ilipoungua, hakuipeleka pengine. Kila mtu mtaani alijua: Fundi akikuambia imekufa, zika. Akikuambia inapona, nenda nyumbani ukapange viti. Yale maneno, "Fundi hasemi uongo," yalikuwa ndiyo kibao cha duka lake. Kibao kingine hakuwa nacho.

Sasa sikilizeni maajabu. Mtu huyohuyo, kila siku saa tisa na nusu alasiri, alisema uongo mfululizo kwa saa nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua; tulidhani anatafsiri.

Saa hizo televisheni ilikuwa na kipindi cha watoto. Kulikuwa na dada mmoja aliyevaa ovaroli ya njano, ana mdoli wa soksi mkononi, anachekacheka, halafu analeta katuni. Katuni zenyewe zilikuwa za zamani, nyingine za zamani kuliko wazazi wetu, rangi zimepauka kama kanga ya kufulia. Leo Kiingereza, kesho Kizulu, keshokutwa Kiafrikana. Sisi watoto wa magorofa yale tulikuwa tumetoka Tanga, Kigoma, Uvira, Bukavu, na tulichobeba ni Kiswahili tu. Kwa hiyo Fundi alizima sauti, akachomoa kile kidude cha kuizungushia, akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akasimama pembeni ya televisheni, mkono mmoja juu yake kama mtu aliyeegemea ng'ombe wake, akasema kila kitu yeye. Kila mdomo uliofunguka pale kwenye kioo, sauti ilitoka kwake.

Mchana kutwa alisema maneno kumi. Saa tisa na nusu alikuwa watu thelathini.

Kulikuwa na katuni ya mbwa mlinzi wa stesheni na bata bukini aliyetaka kupanda treni. Mbwa wa Fundi alikuwa na mafua na madaraka. Bata alikuja kila siku na kikapu chake, na kila siku mbwa alimwambia, "Karatasi." Bata anatoa karatasi. "Hii si yenyewe." Bata anatoa nyingine. "Hii ni yenyewe, lakini picha inacheka. Rudi Alhamisi." Tulikuwa tunajigaragaza. Na nyuma yetu, mlangoni, walisimama wazazi waliotoka kupanga foleni ya vibali tangu alfajiri, wamechoka, viatu mkononi, wanacheka mpaka wanashikana. Baba mmoja wa Uvira alipiga kelele, "Huyo mubwa mie ninamujua! Iko dirisha ya tatu!"

Bata, yeye, alisema Kiswahili cha Tanga. Fundi akiongea mwenyewe ilikuwa "iko" na "batoto" na "bon", Kiswahili cha Wakongo, chake cha kila siku. Lakini bata akifungua mdomo, yalitoka maneno ya pwani yaliyopigwa pasi: "Afande, sikukatalii. Nauliza tu, hiyo Alhamisi ni ya wiki hii au ya maisha?" Hakupandisha sauti hata siku moja. Aliuliza swali dogo, akanyamaza, na mbwa akaanza kutoa jasho. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba bata yule alikuwa mama yangu. Mama ni mtu wa Tanga, mshonaji, hapigi kelele, anauliza. Duka zima lilikuwa linajua isipokuwa mimi. Siku Mama alipokuja kumchukua Zuhura akamsikia bata, alisimama pale mlangoni, kichwa amekiinamisha upande. Kesho yake akamtuma Zuhura ampelekee Fundi chapati nne ndani ya kitambaa.

Kulikuwa na nungunungu mtengeneza saa pia. Huyo Fundi alimpenda kuliko wote. Nungunungu alisema polepole, na kabla ya kujibu mteja alikohoa kidogo. Kwenye katuni yake hakuna kilichotokea cha maana: mnyama analeta saa mbovu, nungunungu anaifungua, anaifunga, kwisha. Lakini Fundi alivyomsemesha, wewe mtoto wa miaka kumi ulijikuta unashika pumzi juu ya springi ya saa. Niliwahi kumwona Plamedi, mtoto wa mama wa saluni, miaka mitano, asiyekaa kitako hata kanisani, amesimama mdomo wazi mpaka mate yanadondoka kwenye shati, na mimi nimeshindwa hata kumtania kwa sababu nami nilikuwa hivyohivyo.

Mwenyewe hakuwa na televisheni nyumbani. Na taarifa ya habari hakuitaka dukani. Mwaka ule nchi yake ilipobadilishwa jina, ramani yake ilitokea kwenye televisheni tatu kwa wakati mmoja. Fundi akachukua ncha ya tai, akaanza kufuta kioo, akafuta, akafuta, mpaka ramani ikapita na akaja mtu wa hali ya hewa. Kisha akarudisha tai kwenye vifungo, akaendelea na redio aliyokuwa nayo.

Na siku za kuzaliwa. Hilo ndilo linaloniuma, kwa hiyo nalisema haraka. Mwisho wa kipindi, yule dada wa ovaroli alisoma kadi za watoto waliotimiza miaka. Kadi zilitumwa kwa posta kutoka nchi nzima, na sisi hatukuwahi kutuma hata moja, tungeituma wapi. Lakini siku ya mtoto yeyote wa magorofa yetu, yule dada alifungua mdomo na Fundi akasema: "Na leo tunamsalimia Plamedi wa Umbilo, gorofa ya kwanza, ametimiza miaka mitano, aache kula sabuni." Plamedi aliinuka akasimama kama rais. Zuhura, tangu miaka minne, aliamini yule dada anamjua. Akipita televisheni yoyote mtaani, hata ya dukani dirishani, alimpungia mkono.

Sasa shule. Nilikuwa nimeshajua Kiingereza cha kutosha kujiletea matatizo. Mwalimu akatuambia kila mmoja asimulie katuni anayoipenda. Nikasimama, nimejiamini, nikasimulia mbwa wa stesheni: kwamba ni ofisa wa uhamiaji, kwamba bata anakwenda kumwona dada yake mgonjwa, kwamba karatasi yake picha inacheka. Darasa likatulia kwanza. Halafu likalipuka. Msichana mmoja akaniambia, huku analia kwa kicheko, kwamba yule bata anataka tu kuiba mikate ya abiria. Basi. Miaka yote, mikate. Wiki nzima nikipita kwenye korido wananidai karatasi. Mtu mwenye akili angecheka nao. Mimi ni mtu wa kutania, sikuzoea kuwa upande ule mwingine wa mzaha. Nikaenda nyumbani nimejaa, nikaamua Fundi atanitambua.

Kwa hiyo plaizi.

Sauti ilipotoka, mimi nikasimama juu ya kreti nikaanza kutafsiri kwa nguvu: "Mnasikia? Mbwa anasema 'nataka chakula cha mchana'! Hakuna karatasi hapo! Bata anasema 'mkate, mkate'! Fundi anatudanganya! Miaka yote anatudanganya!" Watoto wakubwa wakacheka. Wadogo wakacheka kwa kuwa wakubwa wamecheka. Mlangoni kulikuwa na mteja aliyekuja kuchukua redio yake, naye akatia utani, "Aisee Fundi, sasa hii yangu imepona kweli au nayo ni katuni?"

Fundi akamwangalia yule mteja. Hakuniangalia mimi. Akafungua kifungo cha mfuko, akatoa kidude cha sauti, akakirudisha taratibu kwenye kijiti chake. Ni kama mtu anayerudisha funguo za nyumba.

"Bon," akasema. "Sasa munasikia."

Akaenda mezani kwake akakaa.

Sikuwa nimeangalia kalenda. Zuhura alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa gauni jipya Mama alilomaliza kulishona usiku wake, kola nyeupe, na ribini. Alikuwa anatimiza miaka sita. Yule dada wa ovaroli akatoa kadi zake, sauti ikiwa juu mpaka vioo vinatetemeka, akasoma majina saba. Zuhura alikuwa ameshanyanyuka nusu, tayari kusimama. Jina la saba likapita. Dada akapunga mkono, muziki ukapigwa. Zuhura akabaki vile, si amekaa si amesimama, kisha akaniangalia. Hakulia. Ningeshukuru angelia.

Fundi aliendelea kufungua duka kila siku. Televisheni aliiwasha saa tisa na nusu kama kawaida, sauti yake yenyewe ikasema Kiingereza, Kizulu, Kiafrikana, na yeye akiwa ameinama juu ya meza, mgongo kwetu. Nilimsikia mama wa saluni akimsihi, "Fundi, batoto banalia, semesha kidogo." Akajibu, "Mie nilikuwa nasema uongo. Ule mutoto iko na haki. Leo nikidanganya hapa, kesho nani ataniamini kwenye redio yake?" Na lilikuwa swali la kweli, kwa sababu watu walikuwa wameanza. Kwa mzaha, lakini walianza. Akisema imekufa, mtu anaguna, "Imekufa kweli, au unaisemesha tu?" Yeye anakaza skrubu, anaigusa kwa kidole gumba. Wiki ya kwanza tulikuwa watoto kumi na tisa. Wiki ya tatu tulikuwa wanne, na mmoja alikuja kwa ajili ya feni.

Nikasema, basi nitafanya mimi. Ujuzi si kutafsiri tu? Na mimi nitatafsiri kweli. Nikawakusanya watoto chumbani kwetu gorofa ya pili, televisheni yetu ndogo, sauti nikaizima, nikasimama pembeni na mkono juu. Wakakaa wamenitazama kwa imani yote ile. Mbwa akafungua mdomo. Nikasema, "Nataka chakula cha mchana." Bata akafungua mdomo. "Mkate." Nikasikia mtu anajikuna. Kisha toroli la mizigo likamgonga mbwa kichwani, nyota zikazunguka, na kwenye katuni hakuna aliyesema kitu, kwa hiyo nami sikusema kitu.

Plamedi akaanza kulia. Si kulia kwa deko, kulia kwenyewe.

"Juu ya nini hakuna mutu anamwambia pole?" akauliza.

Hapo ndipo nikakumbuka yote kwa mkupuo. Miaka yote ile, katika duka la Fundi, hakuna aliyeanguka bila kupewa pole. Jiwe likimwangukia mbwa, bata alisema, "Pole sana, afande, kaa kwanza." Bata akitumbukia mtoni, mbwa mwenye mafua alinung'unika, "Pole, lakini karatasi zako sasa zimelowa." Nungunungu akijichoma na mwiba wake mwenyewe, saa zote ukutani zilimwambia pole kwa pamoja. Wale watu waliochora katuni walichora mapigo tu, dakika saba za mapigo. Fundi, akiwa amesimama pale, bila kuandika popote, picha inakimbia haimsubiri, alichomeka pole katika kila pengo kati ya pigo moja na jingine, na haikuwahi kuchelewa wala kuonekana imeshonewa. Jaribuni. Mimi nimejaribu. Kabla hujafikiria neno, mnyama ameshapigwa mara tatu na amefika kituo kingine.

Nilikwenda dukani siku iliyofuata nimwambie. Chuma cha mlango kimeshushwa. Mama wa saluni alisema Fundi amepata kazi kwenye karakana moja huko Mobeni, ya mshahara, ameuza makopo yake ya skrubu. Akaniangalia juu mpaka chini. "Umeridhika, bwana ukweli?"

Miaka mitatu ikapita. Duka likawa la kuuza simu za kadi. Zuhura akajifunza Kizulu akakisema kuliko Wazulu, na kila mwaka siku yake ikifika aliniambia, "Usinipe hongera wewe. Wewe subiri."

Desemba iliyopita, Jumamosi asubuhi, Mama alinituma nimpelekee Baba begi lake la nguo za kazi Mobeni, kwenye ghala alikoanza kazi wiki ile. Kabla sijafika kwake nikapita kwenye geti la karakana ya jirani, mlango wake mkubwa wa bati umefunguliwa kwa ajili ya joto. Ndani, ukutani, televisheni kumi na mbili zimepangwa kwenye rafu, zote zimewashwa, zote kimya, zote zinaonyesha kitu kimoja. Na mbele yake tai.

"Shikamoo, Fundi."

Alikuwa na skrubu. Nikasubiri. Sijawahi kusubiri salamu kwa adabu vile. Ikafika, akaigusa.

"Marahaba." Akageuka. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, tai ni ileile. "Umekuwa murefu. Na akili?"

"Ipo njiani, Fundi."

"Na ule mutoto wa birthday?"

"Ana miaka tisa."

"Alinikasirikia?"

"Hapana. Alinikasirikia mimi. Mpaka leo."

"Bon. Yeye iko na akili."

Nilikuwa na hotuba ya kuomba radhi. Miaka mitatu nimeifanyia mazoezi kitandani, ina utangulizi na kila kitu. Nikasema, "Fundi, ile siku..." Akainua bisibisi kama askari wa barabarani.

"Ile siku ulisema kweli. Acha. Sasa niambie kitu." Akaelekeza ukutani. Kwenye vioo vyote kumi na viwili, nungunungu alikuwa ameinama juu ya meza yake, na mbele yake fuko mzee, yule mnyama kipofu wa chini ya ardhi, ameshika saa mbovu. "Huyu. Miaka yote ninamusemesha, lakini sikujua kwa kweli anasema nini. Kiingereza yangu haifike pale. Nilikuwa ninaona aibu kuuliza. Weye unaelewa. Weye hausemi uongo. Anasema nini?"

Akaongeza sauti kwenye televisheni moja, akasimama na bisibisi hewani, amenyoosha shingo, kama mtu anayesubiri kusomewa barua ya nyumbani. Nikasikiliza. Nungunungu alisema: saa yako tayari, njoo kesho na pesa. Fuko akasema: asante. Nungunungu akacheka ha ha. Hayo tu. Ndiyo yote yaliyokuwemo.

Nikafungua mdomo nimwambie kweli, nawaapia. Kilichotoka ni hiki:

"Anasema... anasema saa hii haikuharibika. Imechoka kuhesabu peke yake."

Fundi akamwangalia nungunungu. Akaniangalia.

"Anasema vile?"

"Ndiyo."

"Kwa Kiingereza?"

"Ndiyo, Fundi."

"Na fuko anajibu nini?"

"Anasema asante. Anasema, eh, ataenda kununua saa nyingine, ili zikae mbili."

Akapunguza sauti mpaka ikafika sifuri.

"Weye iko mwongo."

"Ndiyo, Fundi."

"Tena mwongo mubaya! Saa mbili? Fuko haionake! Atafanya nini na saa ya pili, atavaa kwa masikio? Fikiri kwanza, petit. Fuko haione mishale, sasa juu ya nini anataka saa itengenezwe? Ndiyo kazi yako, kujua. Simama pale. Siyo pale, unafunika kioo."

Akaweka mkono juu ya televisheni ya katikati. Akakohoa kidogo. Na sauti ile ikatoka, polepole, kutoka kwa nungunungu kumi na wawili kwa mara moja:

"Mzee fuko, najua huoni mishale. Sikukutengenezea mishale. Nimekutengenezea mlio. Iweke chini ya mto wako. Kila ikigonga, ujue kuna mtu mahali fulani yuko macho."

Fuko akafungua mdomo. Fundi akanikodolea macho, akanipiga kiwiko. Nikasema, "Na ikisimama?"

"Ikisimama, nitakuja."

Vijana waliokuwa wanabeba makatoni walikuwa wameyaweka chini. Dereva mmoja wa foklifti, Mzulu, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alikuwa ameegemea usukani, kofia mkononi. "Eish," akasema taratibu. Kwenye vioo mlango ukamwangukia nungunungu, na kabla sijavuta pumzi saa zote zimeshampa pole, moja baada ya nyingine, nzito na nyembamba, na sikuona midomo ya Fundi ikifanya haraka hata mara moja. Nilisimama pale nimeshika begi la Baba, nimesahau hata kumpelekea.

Katuni ilipokwisha alichukua skrubu nyingine kama hakuna lililotokea. Nikiwa nimeshafika getini ndipo akaniita, bila kugeuka.

"Jumamosi ijayo ulete ule mutoto. Aje na ile gauni kama ingali inamutosha."

Nilikimbia kutoka kituo cha teksi mpaka gorofa ya pili. Mama alikuwa kwenye cherehani, pini nne mdomoni. Nikamsimulia yote, na sauti zake zote, mbwa, fuko, dereva wa foklifti, nikapanda hata juu ya kiti kuonyesha vile vioo. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alitoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa kwa mstari, akaniambia:

"Umesimulia vizuri, mwanangu, mpaka nungunungu nimemwona. Samahani ulimwambia saa ngapi?"